Kaseti ya Danieli

Umeme ulikuwa umekatika, kama ada. Kumail alikaa kwenye kochi la Mama Danieli, boksi magotini, na alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili vya chai ambavyo hakuvihitaji. Mwenyeji wake alimwambia umeme hurudi saa tisa, mara nyingine saa kumi, mara nyingine kesho. Hiyo ilikuwa Mtwara ya mwaka 2004. Ukiwauliza waliokuwepo, watakwambia mwaka 1992 hali ilikuwa ile ile, ila wakati huo walikuwa vijana na giza halikuwaudhi sana.

Ndani ya boksi mlikuwa na kompyuta, lakini si kompyuta unayoifikiria wewe. Ilikuwa kitu cheusi chembamba, ukubwa wa daftari la mahudhurio, na vitufe vyake vilikuwa vya mpira wa kijivu. Haikuwa na kioo chake. Uliichomeka kwenye televisheni, mahali pa antena. Programu zake zilikaa kwenye kaseti, hizi hizi kaseti za muziki. Ukitaka kucheza, uliunganisha redio kaseti kwa waya, ukabonyeza, kisha ukakaa dakika tano nzima ukingoja mkanda uzunguke huku michirizi ya rangi ikikimbizana pembezoni mwa televisheni. Mara nyingi dakika ya tano mashine iligoma, ukaanza upya. Watoto wa leo wangeitupa dirishani.

Kumail aliipakata kompyuta hiyo ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, akakataa katakata kumpa utingo aiweke kwenye buti. Alikuwa ametoa ahadi. Katika barua aliyomwandikia Mama Danieli mwezi wa pili, aliuliza kama bado anayo kaseti moja ya marehemu mwanawe, yenye karatasi ya kijani na mwandiko wake. Alieleza kwamba ndani yake umo mchezo wa kompyuta, na kwamba kama kaseti ipo atakuja na mashine amwonyeshe. Mama Danieli alijibu kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza, herufi zimesimama wima mstarini: kaseti ipo, nimeitunza kabatini pamoja na cheti changu cha ndoa, karibu sana mwanangu. Alikuwa amesikia habari za mchezo huo tangu mwanawe akiwa hai, lakini hajapata kuuona hata siku moja.

Kumail naye alikuwa na lake la kuona kwenye kioo siku hiyo, na hilo hakuliandika.

Baba yake, Mzee Abdulhussein, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Chikongola, nyumba ya familia ikiwa juu yake. Kompyuta ilitumwa mwaka 1990 na ndugu wa Uingereza, pamoja na kaseti kumi za michezo. Televisheni ilikuwepo tayari, maana Aminabai, mama yake Kumail, hakuweza kuishi bila filamu zake za Kihindi za mikanda ya video. Kituo cha televisheni chenyewe hakikuwepo Tanzania Bara nzima. Kwa hiyo jioni, Aminabai akiisha kulia na mashujaa wake, vijana walikaribia kioo na kaseti zao.

Danieli alisoma darasa moja na Kumail. Baba yake, Josephu, alikuwa dereva wa winchi bandarini. Mama yake, Veronika, alifundisha shule ya msingi. Walikuwa watu wa Mbinga, walioletwa Mtwara na kazi. Siku ya kwanza Danieli alipopelekwa kuiona kompyuta, wenzake waligombea zamu ya kucheza. Yeye hakugombea. Aliuliza nani ameutengeneza huo mchezo, na alipoambiwa ni watu wa Ulaya, akauliza wameutengenezaje. Kumail alitaka kushinda tu. Danieli alikiazima kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, akakinakili chote kwenye daftari la hesabu, Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga, na baada ya miezi mitatu alikuwa akiiamuru ile mashine ichore duara nayo inachora.

Mchezo wake aliuita Winchi. Meli imetia nanga gatini, wewe ndiye dereva, na chini yako makuli wanafunga magunia ya korosho. Unayanyanyua, gunia linayumba, unalipeleka hadi melini na kulishusha taratibu. Ukikosea, gunia linaangukia watu na kuli mmoja anachukuliwa kwa machela. Lile yumbayumba la gunia ndilo lililomla Danieli miezi. Kila Jumamosi alimpelekea baba yake chakula bandarini, akabaki pale na daftari akihesabu kimoyomoyo gunia linakwenda mara ngapi huku na huku kabla ya kutulia. Makuli walimtania kwamba anasomea uganga. Makuli wenyewe wa ndani ya mchezo aliwachora nukta kwa nukta kwenye karatasi ya miraba, na mmoja alimpa kibyongo, kwa kuwa bandarini alikuwepo mmoja mwenye kibyongo.

Umeme wa Mtwara ulimfundisha adabu. Mara mbili ulikatika akapoteza kazi ya juma zima, kwa hiyo akajizoeza: kila baada ya mistari michache anairekodi programu kwenye kaseti, na hafuti nakala ya zamani, anaongeza mpya mbele yake. Kaseti yake ilijaa Winchi, nakala kwa nakala, kila moja imeizidi iliyotangulia kidogo. Kaseti zina vijino viwili kwa nyuma, ukivivunja hairekodiki tena juu yake. Kaseti za Uingereza zilikuja zimevunjwa. Danieli hakuvunja vya kwake, akisema hajamaliza.

Sikukuu ya Idd ya mwaka 1992 walikuja binamu kutoka Dar, vijana wa mjini wenye viatu vyeupe. Walimcheka Kumail kwa kukaa shamba. Kumail akataka kuwaonyesha. Mchezo wa Danieli ulipofunguka ulianza na maandishi: WINCHI. IMETENGENEZWA NA DANIELI JOSEPHU. Kumail alikuwa amefundishwa jinsi ya kubadili maandishi, ni kitu alichokiweza. Alifuta jina moja akaweka jingine, akarekodi kwenye kaseti yake mwenyewe, akawaita binamu. Kazi ya dakika moja. Binamu waliduwaa. Mzee Abdulhussein akaitwa aje aone, akaona, na kesho yake kila aliyekuja kununua misumari alisimuliwa kwamba mwanawe anatengeneza michezo ya kompyuta, akisaidiwa na rafiki yake, yule mtoto wa Josephu wa bandarini.

Danieli alifika siku ya pili ya sikukuu, akasalimia wakubwa, akapewa kaimati. Televisheni ilikuwa inawaka, Winchi iko mwanzoni, penye jina. Alisoma. Kumail alingoja aseme neno ili nalo lijibiwe kwa kelele. Danieli alimaliza kaimati zake, akafuta vidole, akachukua kaseti yake yenye karatasi ya kijani juu ya redio, akaaga wazee. Hakurudi tena ile nyumba.

Mwezi uliofuata malaria ilimpanda kichwani. Siku ya tatu hospitalini akafa. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Siku ya mazishi Mzee Abdulhussein alifunga duka mchana, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa, wasema watu. Kumail alidai ana homa. Alilala amegeukia ukuta, mama yake akamfunika shuka na kumwekea maji ya ndimu, na alipobaki peke yake aliamka, akaweka kaseti yake kwenye redio na kuirekodi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila sauti yoyote, mpaka ile Winchi yenye jina lake ikatoweka. Alidhani anaondoa uongo. Hakufikiri kwamba sasa imebaki kaseti moja tu duniani.

Familia ilihamia Dar mwaka 1996. Kumail akawa fundi wa kompyuta na simu Kariakoo, akaoa, na kwa miaka akajifanya amesahau. Mzee alipofariki ndipo akashuka Mtwara kuondoa vitu vilivyobaki dukani, na nyuma ya makopo ya rangi yaliyoganda akaikuta ile mashine nyeusi. Aliiwasha kwa mzaha, ikawaka.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwanzia. Mkewe, Rizwana, alimtania kwamba ameoa mke wa pili mwenye vitufe vya mpira. Kaseti za Uingereza, nusu zilikuwa zimeota ukungu, lakini nusu zilifunguka, na kila mchezo uliofunguka ulimrudishia chumba kizima: feni ya Aminabai, harufu ya saruji kutoka dukani, goti la Danieli likitikisika pembeni yake. Ile milio ya kaseti, ambayo Rizwana alisema inatoboa masikio, yeye aliisikiliza hadi mwisho. Kwenye mtandao alikuta watu wazima wa nchi za mbali wamekusanya michezo yote ya zamani, maelfu, hata ile mibaya ambayo hakuna aliyewahi kuipenda, wameihifadhi bure kwa yeyote anayetaka. Alipekua orodha yao hadi mwisho. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kimoja.

Ndipo akaandika barua. Na hata katika barua, alipofika penyewe, mkono ulimsaliti akaandika "mchezo wetu". Alijifariji kwamba haidhuru. Kaseti ya Danieli ikifunguka mbele ya mama yake, jina litatokea kwenye kioo, jina la mtu mmoja, na mama atasoma mwenyewe. Mashine ingesema kwa niaba yake lile ambalo yeye alishindwa kulisema kwa miaka kumi na miwili.

Mama Danieli alikuwa amezeeka vizuri, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Josephu alistaafu zamani akarudi Mbinga kulima kahawa. Mkewe alikataa kumfuata. Alisema hawezi kumwacha mtoto peke yake kwenye makaburi ya watu, na hapo maongezi ya Mbinga yakaisha. Alimwambia Kumail hayo yote bila kuombwa na bila kulalamika, kisha akaingia chumbani na kutoka na kitu kilichoviringishwa kwenye leso nyeupe.

Karatasi ya kijani ilikuwa imepauka, lakini mwandiko ulikuwa ule ule: Winchi, na chini yake safu ya tarehe, kila moja imekatwa na nyingine kuandikwa. Kumail aliigeuza akatazama nyuma. Vijino vilikuwepo. Akaomba kimya kimya umeme urudi.

"Wakati tunausubiri huo umeme, tusikilize kwenye redio," alisema Mama Danieli. "Nina betri mpya."

Kumail alitaka kumweleza kwamba kwenye redio haitafaa, itapiga makelele tu, masikio yamuume bure. Lakini mama alikuwa mwepesi; alikwisha itumbukiza na kubonyeza. Kaseti ikakwaruza kidogo, halafu kwaya ikaanza kuimba.

Mwanzoni Kumail alidhani zimechanganywa kaseti. Alitazama kadirisha ka redio na kuiona karatasi ya kijani ikizunguka, hapana, karatasi imetulia, ni magurudumu ndiyo yanayozunguka. Kwaya iliimba taratibu, sauti ya tatu imepungua kidogo, na nyuma yake palisikika watu wengi wakikanyaga mchanga.

Mama Danieli alieleza huku akikunja leso. Mwaka ule mvua zilikuwa hazijaisha na barabara ya Songea haikupitika. Mama yake mzazi, kule Mbinga, hakuweza kuja kumzika mjukuu. Wakati ule ilikuwa desturi ya watu waliohamia mbali: msiba ukitokea, unarekodi mazishi, unampa dereva wa lori kaseti, nao kule wanakaa chini wote wanazika kwa masikio. Nyumbani hapakuwa na kaseti nyingine. Upendo, binti wa jirani aliyekuwa mwanakwaya, aliijaribu hii kwenye redio, ikapiga kelele kama mabati yanayokatwa kwa msumeno. Upendo akasema muziki wake umeharibika, lakini kurekodi inarekodi.

"Nikaona ina mwandiko wake," alisema Mama Danieli. "Nikasema hii hii ndiyo itakayombeba."

Ilikwenda Mbinga ikarudi. Kumail aliuliza habari za upande wa pili. Upande wa pili, alijibiwa, ni kwaya ya arobaini yake.

Basi akakaa akasikiliza. Angefanyaje? Hakuweza kumwambia mama wa watu azime mazishi ya mwanawe, na katika kona moja ya kichwa chake fundi bado alikuwa akihesabu: upande mmoja dakika thelathini, pengine mwishoni wamebakiza kipande, pengine nakala moja ya mwisho imepona. Kwa hiyo yule aliyelala amegeukia ukuta mwaka 1992 alihudhuria mazishi mwaka 2004, kwenye kochi, dakika kwa dakika. Alimsikia padri. Aliisikia sauti ya Josephu ikiomba watu wasogee nyuma kidogo. Alisikia udongo, na huo udongo haukusikika kama anavyodhani mtu. Ulisikika kidogo sana, karibu na kinasa sauti, kama mtu anayemwaga mchele. Akamsikia mama huyu huyu aliyekaa pembeni yake, kijana zaidi, akiita jina la mwanawe mara moja tu.

Kisha mwalimu wa darasa lao, Mwalimu Fredi, akasoma wasifu wa marehemu. Amezaliwa lini, amesoma wapi. Alipenda hesabu na kuchora. Mama Danieli alinyoosha mkono akaongeza sauti.

"Marehemu alikuwa mwepesi wa kusaidia wenzake," ilisema sauti ya Mwalimu Fredi. "Alimsaidia rafiki yake Kumail kutengeneza mchezo wa kompyuta, wa kwanza hapa kwetu."

Mama Danieli alimgusa Kumail goti, macho yanang'aa. Alisema maneno yale waliyapata kwa Mzee Abdulhussein, Mungu amrehemu. Alikuja msibani akaomba yaandikwe, akisema mtoto huyu asizikwe bila kutajwa sifa hiyo. Hakumsahau kwa ule wema. Hakumsahau na Kumail pia, kwa kumkubalia mwanawe atie mkono kwenye kitu kikubwa namna ile. Bibi yake kule Mbinga alipofika hapo, aliagiza kaseti irudishwe nyuma asikie tena.

Kumail alifungua mdomo. Kilichotoka ni shukrani.

Wimbo wa mwisho haukumalizika. Ulikuwa katikati ya ubeti ulipokatika ghafla, na mahali pake pakaja mlio mkali, mwembamba, unaokwaruza. Mama Danieli alikwisha nyoosha kidole. Alisema hapo betri ziliwaishia, kinachobaki ni ule ubovu wa zamani, yeye huzima.

"Usizime, mama," alisema Kumail. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Kidole kilibaki hewani. Mlio uliendelea kama nusu dakika, ukakoma, mkanda ukafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe. Kumail akajikuta anaeleza, haraka na kwa mpangilio mbovu, kwamba kompyuta hizi hazisemi kwa maneno, programu ikirekodiwa huwa ni mlio, kaseti haikuwa imeharibika. Kwamba huo ni mkia wa nakala ya mwisho, na mkia bila kichwa mashine haiupokei. Alitamani kurudisha kila neno kadiri lilivyokuwa likimtoka.

Mama Danieli alikuwa amefundisha watoto kusoma miaka thelathini, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hiyo ilikuwa imejaa yeye," alisema. "Na mimi nikaimbisha kwaya juu yake."

Kumail alisema hakuna aliyejua, hata Upendo hakujua, yeyote angefanya vile. Mama aliuliza kama akifuta yale mazishi, kile cha chini kitatokea tena. Aliuliza kwa utaratibu, kama mtu aliye tayari kulipa. Alijibiwa hapana, kinachoandikwa juu kinakula cha chini, hakibaki. Alitikisa kichwa mara kadhaa. Jokofu likaguruma jikoni na taa ya sebuleni ikawaka. Umeme ulikuwa umerudi, na kwa muda hakuna aliyeufurahia.

Ni yeye aliyejikusanya kwanza. Alisimama, akavuta televisheni yake ya chogo mbele kidogo, akamtaka Kumail aitoe hiyo mashine yake boksini. Kwa nini wanakaa wanaomboleza kitu ambacho mwenyewe yupo? Kaseti imepotea, sawa, ni kosa lake yeye Veronika na atalibeba. Lakini kichwa kilichoutengeneza mchezo kiko hapa, kimekula muhogo wake asubuhi hii. Danieli alisaidia tu. Aliyetengeneza si huyu?

"Andika tena, mwanangu," alisema. "Hata ukichukua siku tatu. Chumba kipo. Nitakaa hapa nione na kile alichokusaidia."

Alileta kiti cha chakula, akakisogeza karibu kabisa na televisheni, akakaa, mikono magotini, miwani machoni.

Kumail aliunganisha nyaya. Kioo kikawa cheupe na herufi moja ikapepesa chini yake ikimngojea. Alikaa akaitazama. Fundi mzima wa Kariakoo, na kuhusu ule mchezo alijua kuucheza tu. Hakujua gunia lilivyoyumbishwa. Hakujua meli ilivyoondoka gatini bila kuacha doa, wala kuli wa kibyongo alivyotembea. Siku zile Danieli alipokuwa akimweleza, yeye alikuwa anamharakisha amalize ili waanze kucheza. Katika mchezo wote ule kulikuwa na mstari mmoja tu uliowahi kupita mikononi mwake.

Aliuandika huo. Vitufe vya mpira vilibonyea bila sauti. Akaamuru mashine itekeleze, na kwenye kioo, kwa herufi kubwa nyeusi, yakatokea maneno: WINCHI. IMETENGENEZWA NA DANIELI JOSEPHU.

Mama Danieli aliyasoma kwa sauti, polepole, akitenga silabi kama anavyowasomea watoto. Alitabasamu, kisha akasita.

"Umemweka peke yake," alisema. "Na wewe?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Kwenye kaseti yako ndivyo ilivyokuwa imeandikwa."

Hakuelewa, au hakutaka kuelewa upesi. Alimwambia basi aendelee, aandike kinachofuata. Kumail alibaki ameweka vidole kwenye vitufe. Alisikia jokofu. Alimsikia mama akipumua karibu na sikio lake, anangoja gunia la kwanza linyanyuke.

"Hakuna kinachofuata," alisema. "Siwezi. Sikuutengeneza mimi, hata kidogo. Nilifuta jina lake nikaweka langu, siku ya Idd, aliniona. Baba hakujua. Aliwaambia alichokiamini."

Alingoja apigwe, au afukuzwe. Mama Danieli hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa vile vile mbele ya kioo, mikono magotini, akimtazama mwanawe ameandikwa pale. Kumail alianza kusema kwamba anaomba radhi, kwamba kila siku ya miaka hii, lakini mama aliinua kiganja kidogo tu, kama anavyonyamazisha darasa, naye akanyamaza.

Kisha mama alinyoosha mkono kwenye redio, akafungua kadirisha, akaitoa kaseti. Hakuiviringisha kwenye leso.

"Bibi yake alikufa akijua alisaidia," alisema. Aliipapasa ile karatasi ya kijani kwa kidole gumba, tarehe moja baada ya nyingine. "Mimi kila mwaka, siku yake, naifungua hii. Nikifika pale kwenye sifa zake huwa naongeza sauti, majirani wasikie."

Akaiweka mezani, mbali kidogo na mkono wake.

"Mwezi wa tano ndio huu unaingia. Nitasikiliza nini, Kumail?"